Kutangaza Programu Isiyouzwa

Anayetangaza godoro ana raha. Ana bei ya kukata kwa wino mwekundu, ana ofa ya mwisho wa mwezi, ana picha ya watoto wakirukaruka kitandani. Anayetangaza programu ya ofisi ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa hana hata kimoja cha hivyo. Akisema ni ya bure, msomaji anauliza kasoro iko wapi. Akinyamaza kuhusu bei, msomaji anaikunja karatasi na kufungia njugu.

Nina duka dogo la usanifu na uchapaji mjini Bungoma, karibu na Moi Avenue. Kazi zangu ni kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti, kalenda za makanisa, na mabango ya wanasiasa msimu wao ukifika. Kazi ya brosha ya LibreOffice ilitoka Kitale, kwa mwalimu wa kompyuta ambaye tumejuana tangu enzi za kumchapia mitihani ya majaribio. Alitaka karatasi ya kusambaza kwenye saiba, ofisi za shule na vyama vya ushirika, katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. "Madam," akaniambia kwa simu, "maneno nimeshaandika. Wewe ni kupanga tu."

Maneno hayo yalijaa kurasa nne zilizobanana. Yalianzia Ujerumani, yakapitia Marekani, yakafafanua leseni, yakaorodhesha programu sita na kila kitu zinachoweza kufanya, yakamalizia kwa aya ndefu kuhusu uhuru wa kidijitali. Hayakuwa na uongo. Lakini nilipomfikiria karani wa shule ya upili kule Kamukuywa, ana barua za bodi za kuchapa kabla ya saa nne na mkuu wa shule anamwita kutoka chumba cha pili, sikumwona akifika aya ya pili.

Kwa asiyeijua, LibreOffice ni mkusanyiko wa programu za ofisi. Kuna Writer ya kuandikia barua na ripoti, Calc ya majedwali ya hesabu, Impress ya slaidi, Draw ya michoro, Base ya kuhifadhi kumbukumbu na Math ya kuandikia fomula. Zinafanya kazi zile zile ambazo wengi wetu tulijifunza kwa Word na Excel. Kinachozitofautisha ni kwamba msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, kuinakili programu na kuigawa, na leseni inampa ruhusa hiyo kwa maandishi. Huulizwi namba ya kuamilisha, wala hakuna ukanda mwekundu unaokaa juu ya skrini kukukumbusha deni.

Asili yake ni StarOffice, kazi ya kampuni ya StarDivision ambayo Marco Börries aliianzisha akiwa bado kijana mdogo mjini Lüneburg, Ujerumani, mwaka 1985. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, wachangiaji wengi waliingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka huo huo wakajitenga, wakaunda wakfu unaoitwa The Document Foundation, ambao makao yake ni Berlin, na LibreOffice ikazaliwa. OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa wakfu wa Apache mwaka 2011 na hadi leo kuna wanaoipakua, ingawa inakwenda kwa mwendo wa kusuasua. LibreOffice hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka. Yote hayo niliyapa mstari mmoja kwenye brosha: ukiona OpenOffice na LibreOffice, chukua LibreOffice. Mwalimu alinung'unika wiki nzima.

Kipande cha historia nilichokipigania mimi hakikuwa cha Ujerumani. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa kampuni ya IT46 ya Uswidi, katika mradi uliojulikana kama Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyovalishwa Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Watu walikaa wakaamua menyu zisomeke vipi kwa lugha yetu, wakati ambapo wengi walidhani kompyuta haiwezi kuzungumza ila Kiingereza. Kazi ya miaka hiyo haikupotea. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, mradi uichague wakati wa kusakinisha. Karani anayechapa kumbukumbu za mkutano wa ushirika kwa Kiswahili anajua adha ya kuona ukurasa mzima umepigwa mistari myekundu kana kwamba kila neno ni kosa. Tukaweka picha mbili ndogo zikiwa zimekaa bega kwa bega: aya ile ile, moja imejaa mistari myekundu, nyingine imebaki na mmoja tu, chini ya neno lililokosewa kweli. Nadhani picha hizo zimefanya kazi kubwa kuliko aya zote za Mwalimu.

Kabla ya kufungua kompyuta nilifanya jambo ambalo mteja halilipii na kwa hiyo wasanifu wengi wa miji yetu huliruka. Nilikaa kwenye kaunta za saiba, ya Bungoma kwanza kisha ya Kitale karibu na steji, nikasikiliza watu wanauliza nini wanapoambiwa kwamba kompyuta hii haina Word. Hakuna aliyeuliza kuhusu msimbo. Kijana aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi aliuliza, "Anti, nikiituma, kule wataiona hivi hivi ama itavurugika?" Mwanamume mmoja aliyebeba bahasha ya risiti alitaka kujua kama fomu ya kodi ya KRA itafunguka. Bursa wa shule aliuliza akikwama atampigia nani. Naye mama mwenye saiba ya Kitale, aliyekuwa kimya muda wote akihesabu chenji, akatoa swali ambalo Mwalimu hakuwa ameligusa hata kidogo katika kurasa zake nne: "Na hao wanaoitengeneza, wanakula wapi?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Magharibi mwa Kenya tumeshaona miradi mingi ya bure ikija na fulana na kuondoka na fulana. Mtu anataka kujua kama kitu kitakuwepo mwakani. Jibu lipo, tena ni zuri. Wakfu wa Berlin unaishi kwa michango midogo midogo ya watumiaji. Wahandisi wengi wanaoandika msimbo wameajiriwa na kampuni kama Collabora ya Uingereza, ambazo huziuzia serikali na mashirika makubwa huduma ya usaidizi na marekebisho. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake. Sikuliandika jina la jimbo hilo kwenye brosha, maana ulimi wa msomaji kule Chwele hauna sababu ya kuteseka hivyo. Tuliandika kwamba serikali na mashirika makubwa ya Ulaya hulipia usaidizi, na malipo hayo ndiyo yanayoiweka hai kwa sisi tusiolipa.

Kichwa cha brosha kilituletea mzozo. Mwalimu alitaka "Karibu kwenye Uhuru wa Kidijitali". Nikamwambia hicho ni kichwa cha semina, na semina huwa na chai. Suluhu ilitoka Kitale yenyewe. Ule ni mji wa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa pale mwaka 1956, na hakuna mkulima wa Trans Nzoia asiyeijua mbegu yake ya mahindi, H614. Kila mkulima anajua pia tofauti ya mahindi chotara na maharagwe ya nyumbani. Chotara unainunua upya kila msimu, kwa sababu ukipanda punje za mavuno yako mazao yanashuka. Maharagwe unaweka debe moja kando, mwaka ujao unapanda, na jirani akiishiwa unampimia kikombe. Programu ya ofisi ya kulipia kila mwaka ni chotara. Hii nyingine ni maharagwe. Hatukuchora mbegu kwenye brosha, maana ingechanganywa na matangazo ya maduka ya pembejeo, lakini kichwa kilitoka humo: "Weka kwenye kompyuta moja. Weka kwenye hamsini. Mpe jirani." Ndiyo leseni yote hiyo, imeelezwa kwa maneno tisa.

Baada ya kichwa tukaja kwenye mapungufu, na hapa nilisimama imara. Brosha nyingi za programu huria zimeandikwa na wapenzi wake, na mpenzi haoni chongo. Ukimwahidi karani kwamba kila faili la Word litafunguka sawasawa, siku ya kwanza litakapovurugika atairudisha kompyuta kwa fundi, na wenzake wote watasikia. Heri aambiwe mapema kitakachovurugika, na kwa nini.

Sababu ya kwanza ni fonti. Kwa kawaida hati haibebi maumbo ya herufi zake. Hubeba jina la fonti tu, na kompyuta inayoifungua hutafuta fonti hiyo ndani yake. Isipokuwepo, inaazima nyingine. Iliyoazimwa ikiwa na herufi pana kidogo, mstari unajaa mapema, neno la mwisho linashuka, aya inaongezeka mstari, na CV ya ukurasa mmoja inamwaga namba za wadhamini kwenye ukurasa wa pili. Watengenezaji wa programu huria walilijua tatizo hili, wakachora fonti pacha ambazo kila herufi ina upana ule ule wa mwenzake: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial. Kwenye Windows, Calibri na wenzake kwa kawaida wamo tayari. Pacha hao wanasaidia zaidi kwenye kompyuta za Linux. Taabu mpya imeletwa na Aptos, fonti ambayo Microsoft imeanza kuitumia kama chaguo la kawaida la Office miaka hii ya karibuni. Haiji na Windows, kwa hiyo hati iliyoandikwa kwa Aptos ikifika kwenye saiba yetu, mistari inaweza kukimbia.

Sababu ya pili ni fomati. LibreOffice ikiachwa ijiendee, huhifadhi barua kama ODT. Hiyo ni fomati ya wazi iliyopitishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, na Word za kisasa huifungua. Lakini mpokeaji akiona herufi ambazo hajazizoea mwishoni mwa jina la faili, anaandika kwamba faili lako ni bovu. Ushauri tulioweka ni wa saiba kabisa: kazi inayoendelea kufanyiwa marekebisho na mwenye Word, ihifadhi kama DOCX; CV, barua au ankara isiyotakiwa kuguswa tena, itume kama PDF. Kitufe cha PDF kiko juu kwenye Writer, ni kubofya mara moja. Yule kijana wa barua ya kazi angepata jibu lake hapo.

Makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili, ndizo mtihani halisi. Makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel hazifanyi kazi zote ndani ya Calc, na ofisi yenye jedwali la mishahara lililojaa makro isihame bila kulijaribu. Kwa fomu za kodi hali ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kwenye iTax, KRA huweka fomu za marejesho za Excel na pia za ODS, ambayo ndiyo fomati ya Calc. Sharti makro ziruhusiwe kwenye mipangilio ya usalama, la sivyo unajaza fomu yote na kitufe cha kuithibitisha kinakaa kama kimekufa. Maelekezo ya kuziruhusu tuliyapa kisanduku chao chenye fremu nene, kwa sababu wiki ya mwisho ya Juni, tarehe 30 ikinyemelea, hakuna mtu kwenye saiba mwenye subira ya kutafuta menyu.

Kuhusu sheria tulipita haraka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu, na ofisi nyingi za miji yetu zinatumia nakala zilizovunjwa kufuli. Mwalimu alipendekeza picha ya pingu. Nilikataa. Msomaji akitishwa anaificha brosha asije akaulizwa ameitoa wapi. Mstari mmoja ulitosha: programu hii ni halali kwenye kila mashine uliyo nayo.

Sasa karatasi yenyewe. Tulichagua A4 ya kulazwa, ikunjwe mara mbili itoe kurasa sita nyembamba. Wengi huigawa A4 sehemu tatu sawa za milimita 99, kisha wanashangaa ile inayokunjwa kuingia ndani inajikunja ukingoni. Karatasi ina unene; sehemu ya ndani lazima iwe fupi kidogo. Gawa 100, 100 na 97. Na kumbuka kugeuza: upande wa nje ile ya 97 inakaa kushoto, upande wa ndani inakaa kulia. Anayeligundua hili baada ya kuchapa anaona jalada limevuka mkunjo na kuchungulia ubavuni.

Rangi ya LibreOffice ni kijani, na kijani cha skrini ni mdanganyifu. Skrini hutoa mwanga. Karatasi ina wino tu. Kijani kinachong'aa kwenye kompyuta ya Mwalimu hushuka na kuwa cha sukuma wiki iliyolala kikichapwa kwa wino nne za kawaida. Dawa yake ni kuchapa sampuli moja kwenye mashine ile ile itakayofanya kazi, na kuichagua rangi kwa kuitazama karatasi mkononi. Mteja anayeidhinisha kazi kwa picha ya WhatsApp ameidhinisha simu yake.

Lakini rangi yenyewe ilikuwa ya kundi dogo tu la nakala. Brosha nyingi zilikusudiwa kuchapwa shuleni kwa Riso, mashine ile inayotoa mitihani. Riso hutoboa karatasi laini ya kiolezo, ikaizungusha kwenye ngoma ya wino, na kutoka hapo inatema nakala kwa kasi na kwa gharama ndogo, rangi moja tu. Kwa hiyo brosha ilibidi iishi hata ikiwa nyeusi tupu. Maandishi ya kijivu hafifu, ambayo wasanifu vijana wanayapenda kwa kuwa yanaonekana ya kisasa, kwenye Riso yanageuka vumbi. Eneo kubwa la weusi mtupu linalowesha karatasi, na wino unahamia mgongoni mwa nakala ya juu yake. Nikaondoa mandhari zote za rangi iliyojaa, nikabakisha mistari minene, herufi za pointi 11, na nafasi nyeupe ya kutosha. Mwalimu aliuliza kama nafasi hiyo nyeupe haingetosha aya nyingine ya leseni.

Picha za skrini zina hesabu yake. Laptopu nyingi za huku zina skrini ya pikseli 1366 kwa upana. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, hizo ni kama sentimita 11 na nusu, na ukurasa wetu mwembamba una 10 pamoja na pambizo. Kwa ukali picha inatosha. Tatizo ni kwamba skrini nzima ikibanwa hapo, menyu zinakuwa kama mchanga. Usioneshe skrini nzima. Kata kipande kimoja chenye kitufe unachokizungumzia, kikuze, weka mshale. Na kabla ya kupiga picha, funga madirisha mengine. Nimewahi kuona tangazo la kompyuta lenye mazungumzo ya mapenzi ya mchapaji yakionekana pembeni.

Karatasi niliyotumia ni bondi ya gramu 80 kwa nakala za Riso, na ya gramu 130 yenye mng'aro kwa zile chache za rangi. Rimu ninazonunua hutoka ng'ambo. Hilo huniuma kidogo kila nipitapo Webuye nikielekea Kitale, maana karatasi ilikuwa ikitengenezwa pale pale, Pan Paper, kando ya barabara hiyo hiyo, na harufu ya kiwanda ilikutangulia kabla hujauona mji. Kilisimama mwaka 2009, kikauzwa kwa kampuni ya Rai mwaka 2016. Watu wa umri wangu tulifunzwa kuandika kwenye madaftari ya karatasi ya Webuye. Lakini hayo si ya brosha hii.

Kuhusu chombo cha kusanifia, Mwalimu alikuwa na sharti moja ambalo nililiheshimu: brosha ya LibreOffice isitengenezwe kwa programu ya wizi. Tukaifanya kwa Draw. Sitasema ni chombo changu cha kwanza. Hufanya kazi kwa rangi za skrini, haina utaratibu mzuri wa ziada ya kukatia, kwa hiyo niliweka ukurasa wa milimita 303 kwa 216 na kuchora mwenyewe mistari ya kukata. Ingekuwa kazi ya maelfu ya nakala za rangi kwenye mashine kubwa ningetumia Scribus, ambayo pia ni huria na inazielewa wino nne. Lakini Draw ina faida ambayo Scribus haina hapa kwetu: kila atakayeisakinisha LibreOffice anayo tayari. Faili la brosha linaweza kufunguliwa na kubadilishwa na mtu yule yule linayemlenga.

Nembo ndiyo sehemu pekee isiyo huru hivyo. Msimbo una leseni yake. Jina na nembo ni alama ya biashara ya The Document Foundation, nayo ina kanuni zake za matumizi. Usiivute, usiibadilishe rangi, usijifanye wewe ndiwe wakfu. Nikaandika kwa herufi ndogo chini kwamba brosha imetengenezwa na watumiaji wa Kitale na Bungoma.

Ukurasa wa nyuma niliuacha kwa swali la bursa: nampigia nani. Hapa brosha nyingi huweka anwani ya tovuti na kuondoka. Sisi tuliweka sehemu tupu yenye mistari, ya kugongwa muhuri au kuandikwa namba ya fundi wa karibu aliyekubali kusaidia, Kitale kwake na Bungoma kwake. Fundi halipwi kwa programu. Analipwa kwa saa yake, kwa kusakinisha na kufundisha, na hilo tukaliandika waziwazi ili mtu asidhani bure inafika hadi kwa jasho la mwenzake. Pia tuliandika kwamba programu inapatikana kwa flashi kutoka kwa fundi huyo. Upakuaji wake ni kama MB 350, na mtu anayenunua bando la siku hatalimalizia kwa kitu asichokijua. Kunakili kwa flashi, ambako kwa programu nyingine kungekuwa wizi, hapa ni usambazaji.

Tukaweka tarehe. Msanifu hapendi tarehe kwa sababu inazeesha kazi, lakini matoleo yanabadilika: LibreOffice 25.8, iliyotoka Agosti 2025, haikubali tena Windows 7 wala 8, na mashine za namna hiyo bado zinafanya kazi nyingi vijijini. Anayeshika brosha lazima ajue iliandikwa lini, na aulize fundi kuhusu toleo la zamani linalomfaa.

Faili la Draw tuliliweka kwenye flashi ile ile pamoja na programu. Majuzi nikishuka Kiminini kununua maji, nikaiona brosha yetu kwenye kaunta ya saiba moja, ila si yetu tena. Mwenye duka alikuwa amefuta jina la Kitale na Bungoma, akaweka la duka lake, bei za kuchapa na kupiga laminesheni, na aya nzima ya Lubukusu pale palipokuwa na Kiswahili. Kijani kilikuwa kimekuwa buluu. Nembo alikuwa ameivuta hadi ikanenepa kama mkate. Nikamwomba airudishe nembo kwenye umbo lake. Mengine nikamwambia ni yake, na kwamba pale juu ameacha nafasi mbili kati ya maneno.